Mnamshuhudia Vipi Bi Mize?

Je, mtu anaweza kutoka mahali ambapo hapakuwahi kuwepo?

Msinicheke. Silo swali la walioshiba wanaopitisha jioni kwa kahawa na mabishano. Ni swali la mwenye maiti. Mama yangu, Bi Mize, amekufa alfajiri ya leo katika mji wa watu, katika chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta, na saa hii amelala kwa dada yangu akisubiri kuoshwa. Hakuacha nyumba, hakuacha shamba, hakuacha hata bangili ya kutugombanisha. Aliacha wosia wa maneno machache, na aliurudia mpaka tukauchoka: "Msinizike kwa wageni. Nikiulizwa, nataka nijibiwe na wanaonijua."

Asiye wa kwetu nitamfafanulia. Maiti akishasaliwa, kabla hajapelekwa kaburini, mwalimu huwageukia watu akawauliza, "Mnamshuhudia vipi?" Nao hujibu kwa pamoja, "Mtu mwema!" Basi. Hakuna jibu lingine, wala sijapata kusikia lingine. Mwizi wa kuku alijibiwa mwema na wenye kuku. Mla riba alijibiwa mwema na wale aliowakausha mpaka mifupa. Nilipokuwa kijana niliona ni unafiki, na pengine ni unafiki kweli. Lakini mama alikuwa akisema uzito haumo katika neno, umo katika midomo inayolitamka. Aliyekujua akisema uongo juu yako, amebeba kitu kizito kwa ajili yako. Asiyekujua akisema neno lile lile, amepumua tu.

Basi nikamwacha dada na wakoshaji, nikatangulia kwenda kwetu kutafuta midomo.

Njia ya kwetu naijua kwa miguu, siijui kwa macho. Miguu ilikata kona palipokuwa na kona, na paji la uso likagonga kioo cha ukuta. Nikarudi nyuma, nikaiacha ijaribu tena. Ikateremka ngazi za kisima kilichofukiwa, ikaruka mizizi ya mti uliong'olewa, ikapunguza mwendo mbele ya nyumba ya mgonjwa aliyekwisha kufa zamani. Wapita njia walimwona mtu mzima mwenye kanzu anaruka juu ya lami tupu, wakanipisha kama anavyopishwa mwenda wazimu. Upande wa kushoto wa barabara ilikuwa bado asubuhi. Upande wa kulia jua lilikuwa limekwisha pinda. Sikushangaa. Mahali palipofutwa, wakati nao hukosa pa kukanyaga, ukawa unatangatanga tu kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje.

Mtaa wetu haukuwa na jina. Tuliuita kwetu, na wa mitaa mingine waliuita kwao, na hakuna aliyepotea. Sasa una jina la maandishi ya dhahabu juu ya geti, jina la lugha ambayo mlinzi mwenyewe hawezi kuitamka. Nilimwomba anisomee, akakohoa.

"Unakwenda wapi, mzee?" aliniuliza yule mlinzi.

"Kwetu."

"Kwetu ghorofa ya ngapi?"

"Kwetu ni chini."

"Chini ni maegesho ya magari."

"Basi ni chini ya maegesho."

Alinitazama kwa huruma ile inayokaribia kofi. Nyuma yake, ukutani, zilitundikwa picha mbili kubwa. Ya kulia ilikuwa ya majumba haya haya, marefu, meupe, yenye vibaraza vya vyuma. Ya kushoto ilikuwa ya msitu, na juu ya tawi amekaa tumbili. Chini yake waliandika: Zamani pori, leo fahari. Nilimtafuta mama katika ile picha ya kushoto. Nilitafuta mlango wetu, na paa la makuti lililokuwa likivuja upande wa jikoni, na kuku wa jirani yetu Bi Sichana. Nilimkuta tumbili.

"Nina maiti," nilimwambia mlinzi. "Nataka nimzike kwenye makaburi ya hapa. Mumewe amezikwa hapo."

"Makaburi ni ya wa hapa tu. Akishuhudiwa kwamba ni wa hapa, azikwe. Asiposhuhudiwa, mtamrudisha." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kwa kuwa naye ni mtoto wa mtu, "Tafuta watu, mzee. Hata mmoja."

Hapa lazima niseme habari ya kiapo, maana bila ya hicho hamtaelewa kwa nini jambo jepesi kama hilo lilinitoa jasho.

Yupo mtu anayeitwa Mwenye Mchoro, mwenye ramani ya majumba haya. Hakuna aliyemwona uso. Watu wake walikuja siku moja na meza na kiti, wakaviweka katikati ya njia yetu, na kila mwenye nyumba akaitwa, akaapishwa na kuulizwa swali moja: "Mlipofika hapa mlikuta nini?" Aliyejibu "Pori" alipewa nyumba ghorofani. Ukisema pori, umekubali kwamba huna chako, na asiye na chake huonewa huruma akapewa. Ukisema palikuwa na watu, basi wewe unadai, na mdai hufukuzwa. Nimewatafakari wenye nguvu maisha yangu yote na nimeona hawamwogopi mwenye njaa, hawamwogopi mwenye hasira, hata mwenye panga wanajua namna ya kumnunua. Wanamwogopa mtu anayekumbuka mlango wake ulielekea wapi. Huyo hawana bei yake, kwa hiyo humwuliza mbele ya wenziwe kama mlango huo uliwahi kuwepo, na humpa nyumba nzuri akisema haukuwepo.

Wakajibu mmoja mmoja. Pori. Pori. Pori.

Neno jepesi. Halina hata mfupa wa kumkwama mtu kooni.

Mama alipofikiwa alijibu, "Niliwakuta watu. Na hawa hapa." Akawaonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, kwa majina yao na ya mama zao. Wote wakatazama miguu yao. Akaambiwa jua lisimchwee hapo. Mimi siku hiyo nilikuwepo, nimeshika kanga yake. Au sikuwepo, nikahadithiwa. Au siku hiyo bado haijafika na mimi ndiye nitakayeulizwa. Imesimuliwa mara nyingi mno nyumbani kwetu hata sijui tena kama ni kumbukumbu yangu au ni yake, na sasa mwenye nayo amekufa.

Nilianza kwa Machano. Nani wa kuanzia kama si yeye? Mama yake alikosa maziwa alipomzaa, akaletwa kwetu, akanyonya pamoja na mimi, titi hili na titi hili. Kwetu mtu wa namna hiyo ni ndugu. Hamwoi dada yako, na anamwita mama yako mama. Nilimkuta chini ya ngazi, kijana mbichi, kifua wazi, meno yote kinywani. Alinikumbatia mpaka kofia ikanianguka.

"Kombo! Kombo mwenyewe! Ulipotelea wapi wewe?"

Kombo ni ndugu yangu aliyekufa akiwa mchanga. Niliitika. Mwenye maiti hana nafasi ya kubishana juu ya jina.

Akanishika mkono tupande kwake. Na kila tulipopanda, alizeeka. Ghorofa ya kwanza mvi zilimtokea masikioni. Ya pili akaanza kushika ukuta. Tulipofika mlangoni kwake alikuwa kizee cha rika langu, anahema, na mkono ulionishika ulikuwa umelegea. Majumba yale ndivyo yalivyo. Chini kila mtu anakumbuka, na juu kila mtu ana nyumba.

"Mama amekufa," nilimwambia. "Alasiri tunamleta. Nataka useme tu kwamba ulimjua."

Machano alikaa kwenye kochi lililofunikwa nailoni. Mikono aliiweka magotini. Nilimwona anaitafuta sura ya mtu asiyejua, akakosa, akatafuta tena, akaipata.

"Mama yako nani, vile?"

"Machano!"

"Mimi nimekuta pori hapa, bwana."

"Maziwa uliyonyonya, uliyanyonya kwa nani? Kwa tumbili?"

Macho yalimjaa maji, na mdomo ulibaki pale pale. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa amesahau kweli, ningemsamehe; kusahau ni maradhi. Huyu alikuwa akimlilia mtu aliyekuwa akimkana, yote kwa uso mmoja, katika nyumba nzuri yenye feni. Nilimchukia kwa namna ambayo mtu anaweza kumchukia ndugu yake tu. Nikamwambia, "Hayo machozi yafute, yatakushuhudilia," nikatoka.

Nilibisha milango mingine. Zamani hodi kwetu ilijibiwa karibu kabla mtu hajaulizwa jina. Sasa hujibiwa nani. Nani? Mimi. Mimi nani? Na hapo ndipo ninapokwama, maana jibu la swali hilo lilikuwa mtaa. Mimi ni wa Bi Mize, wa mlango ule, nyuma ya kwa nani, karibu na kwa nani. Ondoa hao wote, uone kitakachobaki cha mimi: mtu mwenye kanzu kwenye ukumbi wa ngazi anazungumza na tundu la mlango.

Mwalimu Pandu, anayesalisha katika msikiti mdogo nyuma ya maegesho, aliniita Vuai. Vuai ni baba yangu, naye ndiye anayelala kwenye yale makaburi. Niliitika vilevile.

"Kumsalia nitamsalia," alisema, huku akitazama nyuma yangu kama kuna mtu. "Na wao watakuja. Maiti hata akiokotwa ufukweni anasaliwa, hilo hakuna anayelikataa. Lakini nikiuliza, Vuai? Nikiuliza nani atajibu?"

"Wewe ulimjua. Alikuwa akikufulia kanzu za Idi."

"Mimi ndiye muulizaji," alisema Mwalimu haraka haraka. "Muulizaji hajijibu." Nikaona amefurahi kuwa dini imempatia mahali pa kujificha.

Wa mwisho alikuwa Bi Sichana, na nilimfanya wa mwisho kwa sababu. Mlango wake na wetu ilikuwa ikitazamana, na tangu nipate akili sikuwahi kumwona yeye na mama wakiamkiana. Waligombana kwa nini, sisi watoto hatukuambiwa; tulilikuta gomvi lile kama tulivyolikuta jua. Nilipobisha hakufungua. Sauti ilitoka nyuma ya mbao, nzito, na niliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Wewe si mtoto wa Mize? Nakusikia unavyovuta miguu. Baba yako alikuwa akiivuta hivyo hivyo."

"Shikamoo, Bi Sichana. Mama amekufa."

Nikasikia kiti kikivutwa karibu na mlango.

"Kafa lini?"

"Alfajiri."

"Mshenzi yule," alisema Bi Sichana. "Kafa bila ya kunitaka radhi."

Nikamweleza wosia, nikamweleza sharti la mlinzi, nikamwomba kama mtu anavyoomba maji. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mimi na mama yako hatukuwa tukisemezana. Mimi hapa nina pa kulala, na mguu huu hauniwezeshi kuanza upya. Nenda zako." Nilipogeuka akaniita kutoka ndani. "Aoshwe kwa maji ya vuguvugu. Baridi alikuwa haiwezi yule." Komeo likalia.

Nikateremka. Katika kuteremka sikuwa kijana, nilibaki vilevile.

Alasiri dada akamleta. Alikuja na gari la kubebea mizigo, jeneza limefunikwa kanga ya mama mwenyewe, wakoshaji wamekaa pembeni wakilishikilia. Jeneza tuliliweka kwenye kiwanja kidogo kilicho baina ya msikiti na makaburi, na majumba yalitusimamia pande zote, vibaraza juu ya vibaraza. Wanawake walitoka kusimama kwenye vibaraza vyao, kwa kuwa kwetu mwanamke haendi kaburini. Wanaume walishuka. Walikuja wote, nisiwaonee. Walitawadha, wakapanga safu zilizonyooka, wakamsalia mama yangu sala nzuri isiyo na upungufu, bega kwa bega, na Machano alikuwa safu ya mbele. Mungu walikuwa wakimwogopa. Ila Mungu hakai kwenye geti.

Mlinzi alisimama mlangoni mwa makaburi, ufunguo mkononi.

Mwalimu Pandu akageuka. Alikuwa na rangi ya majivu. "Enyi waungwana," alisema, "huyu aliye mbele yenu. Mnamshuhudia vipi?"

Nimewahi kusikia kimya cha jangwa na kimya cha jela. Hakuna kinachofanana na kimya cha watu wanaokujua. Kinywa changu kilifunguka, nikakifunga. Ushahidi wa mtoto ni mapenzi, hauhesabiwi. Nikamtazama Machano, naye akazitazama nyuzi za mkeka. Nikawaza: watasema mwema mara ngapi maishani mwao, kwa wezi, kwa wala riba, kwa Mwenye Mchoro siku atakayokufa! Na neno moja wamelikosa kwa mwanamke aliyewataja majina.

"Mnamshuhudia vipi?" aliuliza Mwalimu tena.

Mlinzi akatia ufunguo mfukoni.

Hapo ndipo sauti ilipotoka juu.

"Mimi namshuhudia!"

Tukainua vichwa. Bi Sichana alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake, buibui kalivaa nusu, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine uko kiunoni. Uso wake sikuwa nimeuona kwa umri mzima. Ulikuwa umekasirika ule ule.

"Namshuhudia mimi! Mwanamke yule alikuwa mchokozi! Alikuwa akimwaga maji ya kuoshea samaki mlangoni kwangu kila siku ya Mungu, makusudi, huku akiniangalia! Aliazima kinu changu akakirudisha kimepasuka, akasema ndivyo alivyokichukua! Wanangu akiwaita makinda ya kunguru! Niliposhikwa na homa akaniletea uji, na uji wenyewe hauna hata chembe ya sukari, nikaunywa kwa kuwa nilikuwa sina nguvu za kuumwaga! Jirani mbaya! Sijapata kuona jirani mbaya kama Mize!"

"Lahaula," alisema Mwalimu Pandu.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kwa jibu hilo hatukufundishwa dua. Wazee walishika ndevu. Bi Sichana akainama juu ya chuma, akamtazama mlinzi usoni, akasema taratibu, kila neno peke yake:

"Pori halimwagi maji ya samaki mlangoni kwa mtu."

Pengine ingeishia pale. Lakini watu wa kwetu wana ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo hakuna Mwenye Mchoro aliyewahi kuupima. Wataweza kuukana mtaa, wataweza kumkana mama aliyewanyonyesha. Kusikia jirani anasimulia gomvi vibaya na wakanyamaza, hilo hawaliwezi. Nilimwona Machano anafura shingo. Alijizuia. Alijizuia tena. Kisha akasimama katikati ya safu.

"Uongo! Sukari mwaka ule ilikuwa haipatikani! Mtaa mzima tulikunywa uji mkavu, si wewe peke yako! Usimsingizie mama wa watu!"

"Mtaa gani?" aliuliza mlinzi.

Hakusikilizwa. Kibaraza cha ghorofa ya kwanza kilikuwa kimekwisha dakia. "Na hicho kinu hakikuwa chako, Sichana, kilikuwa cha marehemu mama yangu, ukakiazima hukukirudisha!" Kibaraza cha pili: "Maji ya samaki ulikuwa ukimwaga wewe, yeye akiyarudisha tu!" Mzee wa safu ya nyuma: "Nyote waongo, mteremko ulikuwa unakwenda kwa kina Mize, maji hayapandi mlima!" "Mlima uko wapi pale?" "Nyuma ya kwa fundi Haji!" "Kwa fundi Haji ni mbele!" Wakaanza kuonyeshana kwa vidole juu ya lami, hapa ndipo palipokuwa mlango, hapa jiko, hapa banda la kuku, sogea hapo unakanyaga kisima, na watu wazima wakawa wanasogea. Wakaruka mizizi. Wakainamisha vichwa kupita chini ya makuti yasiyokuwepo. Kwa muda wa gomvi moja, na gomvi kwetu halikuwa fupi, niliuona mtaa wetu umesimama wote, mchafu, mfinyu, unanuka samaki, na mama yangu yumo katikati yake akitukanwa na kila mtu.

Nililia hapo. Sikuona haya.

Mlinzi alinifungulia. Akakaa pembeni, na Mwalimu Pandu, ambaye alikuwa bado anasubiri neno mwema apate kuendelea, aliona halitakuja akasema, "Mchukueni." Tukamteremsha mama upande wa baba, kelele zikiendelea nyuma ya ukuta. Mara nilisikia jina lake na neno mkaidi. Mara nikasikia mtu anacheka. Nikaushindilia udongo kwa mikono.

Tulipotoka, kimya kilikuwa kimerudi. Vibaraza vilikuwa vitupu na mapazia yamefungwa. Watu wa Mwenye Mchoro walikwisha kuja. Waliwauliza watu milangoni mwao, na watu wakajibu walivyoweza. Machano alisema alikuwa akizungumzia mtaa mwingine. Yule wa kinu alisema alikuwa na homa. Mwalimu Pandu alisema yeye ni muulizaji tu. Niliwasikia kutoka kwenye ngazi, na kwa kila jibu nilihisi nyumba moja ya mtaa wetu inaondoka tena, kwa utaratibu, bila vumbi. Bi Sichana aliyeanza ndiye ambaye hakukana. Alifungua mlango, akawaonyesha vitu vyake vilipo.

Nilimkuta nje ya geti, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, kando yake kapu la vyombo na mbuzi ya kukunia nazi. Mguu mbovu ameunyoosha.

"Pole, Bi Sichana," nilisema. "Na ahsante."

"Ahsante ya nini? Sikumsifu."

"Najua."

"Nimesema yaliyokuwa. Ningesema mwema ungesikia vibaya."

Nikakaa naye chini. Magari yalikuwa yakiingia na kutoka, na kila lililopita lilitupigia honi tusogee. Nilimwuliza atakwenda wapi. Akasema kwa mwanawe, katika mji wa watu, kuna chumba. Dirisha lake, aliambiwa, linatazama ukuta. Alisema hivyo bila ya kulalamika. Kisha akakaa sana akiutazama ule ukuta wa makaburi unaoonekana nyuma ya magari.

"Mize ana bahati," alisema. "Siku zote alikuwa na bahati, kijitu kile. Yeye amepata wa kumsema. Mimi nikifa huko watanizunguka watu sijui wametoka wapi, waseme mwema, mwema, mwema, kama kasuku, na chakula chao kiko motoni. Nani aliyebaki wa kunisema mimi?"

Alinigeukia. Nikaelewa kwamba ananiuliza kweli.

Nilitafuta. Nilijirudisha nyuma kadiri nilivyoweza, mpaka kwenye kimo cha kanga ya mama.

"Ulikuwa mchoyo wa chumvi," nilimwambia. "Mama alikuwa akituma kuomba kwa nyumba ya tatu, na sisi tukijua wewe unayo. Nikaja mwenyewe siku moja kwa siri. Ukachovya kidole ndani ya kopo, ukanipangusia kiganjani ile iliyoganda kidoleni. Ukasema, kamwambie Mize imekwisha."

Bi Sichana alinyoosha mgongo. Akafunga buibui vizuri, akakaa juu ya lile godoro kama mtu aliye barazani kwake.

"Kweli," alisema. "Nilifanya hivyo. Mengine?"

Gari likapiga honi. Nilikuwa mdogo walipotutoa. Nilimtafuta mlangoni kwake, nikamtafuta njiani, nikamtafuta nyuma ya kuku wake, kote nikaona kanga inapita na mtu simwoni.

"Mengine?" aliuliza tena, na safari hii alinishika mkono.

Sikuwa na mengine.